Suruali ya Mama Zalia

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Labda kwao. Hell-Ville, mji wa kisiwa cha Nosy Be, kwa miaka minne mizima nguo ya kuazima ilisitiri matako ya nusu ya kisiwa, na juu ya hayo ikayapatia vitambulisho.

Nguo yenyewe ilikuwa suruali ya kitambaa cha tergali, rangi ya majivu, yenye mkunjo wa pasi ulionyooka kama uzi. Ilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa Mama Zalia. Ilikuwa ya marehemu mumewe Athoumani, mpishi wa meli za pwani, mtu mpana wa kiuno na mfupi wa miguu. Aliinunua Mahajanga kwa ajili ya siku moja tu, siku ya kwenda kumwandikisha binti yao Faouzia alipozaliwa. Alisema mtoto akiandikishwa na baba aliyevaa kikoi, makarani huandika jina ovyo. Faouzia akaandikwa vizuri, herufi zote zikatimia. Suruali ikarudi msumarini na Athoumani akarudi kwenye kikoi chake mpaka siku alipokufa.

Zalia alizaliwa Mahajanga, mtaa wa Mangarivotra, katika nyumba ya Wangazija. Ulipofika ule mwisho mbaya wa mwaka sabini na sita, watu wa kwao walipouawa na wengine kupakiwa kwenye ndege na meli, yeye alikuwa mjane wa mwaka mmoja. Aliondoka kwenda Nosy Be na binti yake, sanduku moja, na suruali. Watu walimuuliza kwa nini alibeba suruali akaacha masufuria.

"Masufuria yapo kila mahali," alijibu. Mengine ya siku zile hakuyasimulia.

Akapanga nyumba ya mabati, akawa anauza mikate ya mchele na nazi kibarazani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na ofisi ya vyeti, ambako watu walikwenda kuandikisha watoto, kuchukua vitambulisho na kufunga ndoa za serikali. Zalia alikuwa akiwatazama wakiingia na kutoka huku akigeuza mikate yake. Wakati ule wanaume waliingia na vikoi vyao, wanawake na salovana zao, ile leso pana inayofungwa kifuani ikashuka mpaka vifundoni, na hakuna aliyeulizwa kitu.

Mwaka sabini na tisa akaja Mkuu mpya wa ofisi ile kutoka nyanda za juu, mtu wa tai. Tai yake haikulegea hata saa saba mchana, wakati hata mbwa wa Hell-Ville hulala kwenye mtaro. Wiki ya kwanza akatundika ubao mlangoni: mwanaume asiyevaa suruali hatahudumiwa. Kwa wasiojua kusoma, karani wake Bezara alisimama mlangoni akawasomea kwa kidole, kidole kikiwaelekea kiunoni.

Wa kwanza kurudishwa alikuwa Hamada, mvuvi aliyetoka Antsahampano, ile gati ya bara ambako mashua za Nosy Be hupakia watu. Alikuja kumwandikisha mtoto, akiwa na kikoi kipya na jogoo kwapani. Akakaa kibarazani kwa Zalia, macho yamemwiva.

"Mara ya pili hii, mama. Mara ya kwanza maji yalikupwa tukachelewa, leo nimewahi, naambiwa sina miguu."

"Miguu unayo. Huna mifuko ya miguu," alisema Zalia. Akamtazama juu na chini, akaingia ndani, akatoka na suruali. "Vaa."

"Ya nani hii?"

"Ya marehemu."

Hamada akairudisha kama aliyeshika kaa la moto. "Ya marehemu! Mama, mimi nina watoto wadogo."

"Marehemu naye alikuwa na mtoto mdogo. Vaa, ofisi inafunga."

Hamada alikuwa mwembamba. Kiuno cha Athoumani kilimzunguka mara moja na kubakiza nafasi ya jogoo. Zalia akamfunga kwa kamba ya gunia, akachukua kile kikoi kipya akakitundika msumarini kuwa amana, maana hakuna mwanaume wa pwani atakayevuka bahari na suruali ya watu akaacha kikoi kipya nyuma. Baada ya saa moja Hamada alitoka na cheti, anacheka peke yake. Jogoo alibaki kwa Zalia.

Wiki iliyofuata walikuja wanne. Kufika Ramadhani, barabara ile ilikuwa na foleni mbili, moja ya ofisi na moja ya suruali. Aliyetoka ofisini alivua nyuma ya mlango, akachukua kikoi chake, na mwenzake akaingia miguu yote miwili kabla suruali haijapoa. Walileta samaki, nazi, mafungu ya mihogo. Zalia naye aliweka sheria zake: hakuna kukaa kwenye ukuta wenye chokaa, hakuna kula embe, hakuna kupiga magoti hata ukiombwa na Mkuu mwenyewe. Wanene walizuia pumzi. Warefu walitembea wameinama kidogo, ndiyo maana kwa muda mrefu Mkuu aliamini kwamba watu wa bara ni wanyenyekevu.

Bezara ndiye aliyegundua kwanza. Alikuwa haangalii nyuso, anaangalia mkunjo wa pasi. Siku moja akavuka barabara kununua mkate, akamwinamia Zalia sikioni.

"Mama Zalia, suruali hii daftarini kwangu ina watoto kumi na saba kwa mama saba mbalimbali. Nayo yenyewe imezaliwa mara tatu."

"Mwenyezi Mungu aikuzie," alisema Zalia. "Mkate mmoja au miwili?"

"Miwili. Mkuu ameandika kwa wakubwa wake kwamba wakazi wa kisiwa hiki wanapenda rangi ya majivu."

Basi mji mzima ukamwita Mama Suruali. Mwanzoni jina lilimkera. Baadaye akawa anaitika.

Mambo yakaenda hivyo mpaka mwaka themanini na tatu, Faouzia alipochumbiwa na Boinali. Boinali alikuwa mwalimu kijana wa Mahajanga, aliyeletwa Nosy Be kwa masomo ya miezi sita. Yeye hakuhitaji kuazima. Alikuwa na suruali yake, ile ya miguu ya tembo, pana chini hata kuku aliweza kupita bila kuinamisha kichwa. Kule zilikotoka nasikia zilikuwa zimeshaachwa, lakini mitindo nayo husubiri meli. Faouzia alisema amempenda kwa upole wake. Zalia, aliyekuwa anatazama, aliona kwamba binti yake alianza kuangalia chini kwanza.

Tatizo lilikuwa mama yake Boinali. Bibi Kouraichia alikaa Mangarivotra, mwanamke mkubwa wa mwili na wa heshima, msafi wa kupindukia, mtu ambaye hata kamba yake ya kuanikia nguo ilikuwa na upande wa wanaume na upande wa wanawake. Habari zilimfikia kabla ya posa kukamilika. Akatuma barua kwa mkono wa mfanyabiashara, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandikiana wazee. Zalia aliisoma kibarazani polepole, kidole chini ya mstari.

"Mkwe wangu mpendwa, baada ya salamu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, nawe yako tumesikia imesitiri ya wanaume mia. Mwanangu hataoa nyumba ambayo wanaume huja kuvulia nguo. Uichome suruali hiyo kabla sijatia mguu. Nikiikuta, narudi na mwanangu."

Zalia aliitoa msumarini siku hiyohiyo, akaenda nayo jikoni. Akasema kuni mbichi. Kesho yake akasema moto mdogo. Siku ya tatu moto ulikuwa mkubwa na kuni kavu, naye akasimama pale ameishika mguuni, anautazama ule mshono ambao Athoumani alijishonea mwenyewe kwa uzi wa rangi nyingine. Akageuza uso, akairudisha msumarini. Jioni yake akajibu barua: "Imekwisha kuungua, alhamdulillahi."

"Mama!" alisema Faouzia. "Umesema uwongo."

"Nimesema mapema tu. Moto utakuja."

Harusi ikapangwa Ijumaa. Asubuhi ndoa ya serikali, alasiri ndoa yenyewe, ya dini. Na ile ya serikali haikuwa ya kuahirishwa. Boinali alikuwa amepewa nyumba ya mwalimu huko Antsanitia, kijiji cha pwani kaskazini ya Mahajanga, kwa sharti la kuonyesha cheti cha ndoa. Mkuu alikuwa anakwenda likizo ya mwezi mzima Ijumaa hiyohiyo mchana. Ikipita saa sita, nyumba anapewa mwalimu mwingine, na Bibi Kouraichia alikwisha kusema wazi kwamba jambo likikwama mlangoni, basi si riziki, asiwalazimishe mtu.

Wanawake wa Mahajanga walifika Alhamisi adhuhuri, Bibi Kouraichia na mpwa wake Ansoifa, na masanduku mawili. Bwana harusi alibaki Ambanja, bara, kungoja muhuri wa ruhusa yake ya kazi, angevuka asubuhi. Sasa, kwa watu hawa kuna desturi: wanawake wa upande wa mwanaume wakifika, hufungua. Hufungua sanduku la bibi harusi, huhesabu leso, huinua godoro, huchungulia mitungi, kisha husema mashallah. Zalia alisahau. Alikumbuka alipowaona wanakata kona kwa hatua za watu waliokuja kufungua.

Akatazama huku na huku. Sanduku litafunguliwa. Godoro litainuliwa. Jirani Bourhane ana watoto wanaosema kila wanachokiona. Hodi ikabishwa mlangoni. Zalia akaitoa suruali msumarini, akaivaa, akashusha salovana juu yake, akafungua mlango huku anatabasamu.

Athoumani alikuwa mfupi, kwa hiyo chini haikuonekana. Lakini tergali ni kitambaa chenye mdomo. Kila hatua ilisema: shwa, shwa.

Bibi Kouraichia akafungua sanduku, mashallah. Akainua godoro, mashallah. Akautazama msumari mtupu nyuma ya mlango kwa muda mrefu kidogo, akaridhika. Kisha akainamisha sikio.

"Mkwe, sauti gani hiyo?"

"Ipi, dada?"

"Ukitembea. Kama mtu anafagia."

"Magoti, dada. Uzee."

"Maskini. Upake mafuta ya nazi na karafuu."

"Nitapaka," alisema Zalia, akaenda jikoni kwa hatua fupi fupi, jasho likimshuka mgongoni mpaka ndani ya nguo ya mumewe.

Alilala nayo. Bibi Kouraichia alilala kitanda kilekile, na kila Zalia alipogeuka mkwewe alisema gizani, "Pole na magoti."

Ijumaa saa nne asubuhi wote walikuwa mbele ya ofisi. Faouzia alivaa salovana nyeupe yenye maua, uso umepakwa sandali, liwa ya mti wenye harufu nzuri. Bourhane, jirani muuza mafuta ya taa, alikuwa shahidi, amevaa suruali yake mwenyewe na mkanda. Foleni ilikuwa ndefu, ya watu wa bara wenye vikoi, wote wamekuja kwa nia moja, wakakuta mlango wa Mama Suruali umefungwa. Walimtazama Zalia kwa macho ya kuomba. Zalia alitazama paa.

Saa tano bwana harusi hajafika. Saa tano na robo hajafika. Saa tano na nusu Boinali akatokea anakimbia kutoka bandarini, tope mpaka kifuani, amefunga kikoi cha mwenye mashua, na mkononi amebeba suruali yake ya miguu ya tembo, yenye mguu mmoja.

"Mguu mwingine uko wapi?" aliuliza mama yake.

"Antsahampano. Maji yalikupwa, tukashuka kwenye tope la mikoko. Ikajaa tope, ikashika mzizi. Mimi nikaja, mguu ukabaki."

"Nilikuambia! Nguo yenye mlango wa kuku! Ansoifa, fungua sanduku."

Sandukuni mlikuwa na kanzu tatu, joho lenye tarizi ya dhahabu, kofia nne zilizoshonwa kwa mkono, na viatu. Suruali ya pili haikuwemo. Bibi Kouraichia alipakia sanduku kwa siku tatu na hakuikumbuka, kwani kwake suruali ilikuwa nguo ya kazini, na mwanawe hakwenda kazini. Akamsukuma kijana nyuma ya mlango wa jirani, akamfuta tope, akamtoa amevaa kanzu nyeupe, joho na kofia. Foleni nzima ikanyamaza. Alipendeza mno. Hata jogoo wa mtu alinyamaza.

"Sasa je!" alisema Bibi Kouraichia. "Mtu huoa namna hii."

Wakaingia. Mkuu akainua macho kutoka kwenye karatasi, begi lake la safari liko pembeni ya kiti.

"Huyu nani?"

"Bwana harusi, Bwana Mkuu," alisema Bezara.

"Mwambie akimaliza kulala avae suruali, aje."

Bezara alitafsiri nusu tu, lakini Bibi Kouraichia aliisikia nusu nyingine kwa mgongo wake. Alivimba. "Nguo ya kulalia? Kanzu? Babu yake alizikwa na heshima zake katika kanzu kama hii!"

"Ndiyo hivyo, bibi," alisema Bezara kwa huruma. "Aliyezikwa haji kuomba cheti. Ubao unasema suruali. Mmebakiza dakika ishirini."

Wakarudi kwenye ukumbi wa mbele, palipokuwa na foleni. Wote wakamgeukia Bourhane. Bourhane akashika mkanda wake kwa mikono miwili.

"Msinitazame. Mimi ni shahidi. Shahidi aliye uchi haoni kitu."

Ndipo mzee mmoja wa foleni, mtu wa bara asiyejua habari za barua, akasema kwa sauti, "Kwani mnahangaika nini? Mama Suruali si huyu hapa? Mama, ile ya marehemu iko wapi?"

Bibi Kouraichia akajinyoosha. "Ilichomwa," alisema. "Nyumba yake sasa ni safi. Na kama Mungu hakutaka leo, hakutaka. Boinali, vua joho lisichafuke, tunarudi."

Sandali usoni mwa Faouzia ilikuwa imeshaanza kuchora njia mbili, kutoka machoni kushuka. Boinali alimtazama yeye, akamtazama mama yake, akabaki na joho nusu begani, hajui mkono upi aanze nao.

Zalia aliona yote hayo. Aliona pia saa ya ukutani. Akisema, uwongo wake umekamatwa mbele ya mji mzima, na mkwe ana haki ya kurudi na mwanawe kama alivyoandika. Akinyamaza, wanarudi vilevile. Akahesabu hasara mbili akaona zina bei moja, lakini moja ina cheti. Na mficha uchi hazai.

Akaitoa kisaly, ile leso ya pili aliyojitanda kichwani na mabegani, akampa Bibi Kouraichia ncha mbili.

"Dada, nishikie hapa. Juu, kama pazia."

"Unaumwa? Magoti?"

"Magoti. Yamenishinda. Shika, usitazame."

Bibi Kouraichia alikuwa mkali, lakini si mtu wa kumwacha mgonjwa. Akaishika leso juu kwa mikono miwili, akageuza uso, akawafokea wanaume wa foleni wageukie ukuta. Wakageuka wote, ishirini na kitu. Nyuma ya pazia zikasikika shwa, shwa, kisha mguno, kisha mguu mmoja ukipiga sakafu. Mkono wa Zalia ukatokea juu ya leso, umeshika suruali ya tergali rangi ya majivu, moto kama mkate uliotoka jikoni.

Foleni ikageuka bila kuambiwa. "Ndiyo hiyo!" walisema kwa furaha, kama wamemwona ndugu ameshuka melini.

Bibi Kouraichia aliitazama suruali. Akaitazama leso iliyo mikononi mwake mwenyewe, pazia aliloshikilia kwa hiari yake. Akamtazama mkwewe.

"Haya ndiyo magoti?"

"Ndiyo haya, dada."

"Niliyoyaombea dua usiku kucha?"

"Dua ilipokelewa. Yamekuwa mepesi."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Bibi Kouraichia akatazama saa. Dakika tisa. Akamtazama Faouzia na zile njia mbili za uso wake. Kisha akaikunja ile leso mara mbili, akaitia kwapani, akachukua suruali kwa ncha za vidole, akaikung'uta kwa nguvu kama anayemkung'uta mtu, akamtupia mwanawe.

"Vaa. Ndani ya kanzu. Na usiniambie ina joto."

Boinali alikuwa mrefu. Suruali ilimfika katikati ya mashavu ya miguu. Ikabidi kanzu ikusanywe na kukunjwa kiunoni ili Mkuu aone kitu cha kuona, na bwana harusi akaingia amevaa joho la dhahabu juu, majivu chini, na vipande viwili vya miguu mitupu yenye tope la Antsahampano. Bezara alimpokea mlangoni. Macho yake yakashuka moja kwa moja kwenye mkunjo.

"Karibu tena," aliiambia suruali, "hatimaye unaoa."

Mkuu alitazama kiuno, akaona suruali, akatia sahihi. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika mbili. Alipopita foleni na begi lake alisema kitu kwa Kifaransa, na Bezara akatafsiri kwamba Mkuu anawapongeza, na kwamba anaona rangi ya majivu bado inapendwa.

Ndoa ya dini ilifungwa alasiri bila tatizo. Bibi Kouraichia alikula pilau, akapokea mikono ya watu, lakini hakumpa Zalia neno hata moja. Zalia alikuwa anapita na sinia, hatua zake sasa kimya kabisa, na ukimya ule ulimsumbua mwenyewe kuliko ile shwa shwa. Wageni walipoanza kutawanyika, Bibi Kouraichia akaita.

"Mkwe. Una pasi?"

Zalia akaleta pasi ya mkaa. Bibi Kouraichia akatandika suruali mezani, akainyunyizia maji, akaanza kuutafuta mkunjo.

"Umelala nayo, mbaya wewe."

"Nimelala nayo."

"Mbona mkunjo haukufa?"

"Nililala chali, dada. Kama maiti."

Mabega ya Bibi Kouraichia yalianza kutikisika. Yalitikisika mpaka mkaa ukamwagika, mpaka Ansoifa akaja mbio akidhani analia. "Ukafagia nyumba nzima," alisema akijifuta macho, "mbele yangu, ukafagia nyumba nzima kwa magoti!" Alipomaliza kupiga pasi alipitisha kidole kwenye ule mshono wa uzi wa rangi nyingine, hakuuliza. Akaenda mwenyewe nyuma ya mlango akaitundika.

"Na moto?" aliuliza Zalia.

"Moto gani? Kuni za hapa mbichi."

Boinali na Faouzia wakaenda Antsanitia na cheti chao. Mkuu alirudi kutoka likizo, kisha akahamishwa, akaja mwingine asiye na tai. Kimbunga kikauchukua ubao na hakuna aliyekwenda kuutafuta. Watalii walipoanza kushuka kwa ndege, Hell-Ville ikaona mambo. Waliingia popote na vitovu vyao nje, wazee kwa vijana, na Bezara, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa ofisi, akawa anaketi mezani na kaptula. Lakini kwenye mti mtakatifu wa kisiwa, ambako watu wa pale huweka nadhiri zao, wenyewe walishikilia: huingii mpaka umefunga leso. Basi msumari wa Zalia ukawa na leso kumi na mbili, na Zalia akawa anawafunga Wafaransa kifuani mmoja mmoja, anawapigapiga begani. "Simama sawa, baba. Mtu mzima wewe."

Mwaka elfu mbili na nne Bibi Kouraichia alimpigia simu kutoka Mahajanga.

"Mkwe, tumepatikana. Mjukuu wetu Hayrat anavaa suruali."

"Yake mwenyewe?"

"Yake mwenyewe!"

"Basi tumeendelea, dada."

"Usicheke. Na sasa amesikia habari za ile. Anasema za kiuno cha juu zimerudi, wenzake wote wanazitafuta. Anataka uilete."

Zalia alikuwa hajakanyaga Mahajanga tangu mwaka ule wa sabini na sita. Aliutazama msumari nyuma ya mlango. Kisha akasema atakuja. Akachukua mfuko mmoja, na suruali.

Jioni ya kwanza walikwenda kutembea barabara ya ufukweni, kama watu wa Mahajanga wanavyofanya jua likipungua, vijana kwa wazee, kila mtu amevaa kile ambacho mwenzake atakisema akishapita. Hayrat alitangulia, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, chini suruali ya babu yake imekazwa kwa mkanda mwekundu. Bibi zake wawili walimfuata nyuma wameshikana mikono, na salovana zao. Mama mmoja wa Mangarivotra, jirani wa Bibi Kouraichia, alisimama kuwaamkia. Akamtazama Hayrat juu na chini, akakunja uso.

"Kouraichia, huyu ni wako? Na hiyo sauti ni ya nini, kama mtu anafagia?"

Zalia aliuma midomo, akangoja.

"Magoti," alisema Bibi Kouraichia. "Ya urithi. Upande wa mkwe wangu wote wanayo."